Mzee Anapohitaji Mkono: Mwongozo wa Kumtunza Nyumbani Hapa Mwanza

Simu ikishaingia kwamba mama ameanguka bafuni kule Igoma, au baba ametoka hospitali ya Bugando na upande mmoja haufanyi kazi, familia nyingi hukimbilia mambo mawili: kutafuta binti wa kazi na kununua kiti cha magurudumu. Vyote viwili vinaweza kusubiri. Kwenye nyumba za Mabatini, Bugarika au Igogo, ambako njia ya kufika mlangoni ni ngazi za mawe, kiti hicho kitaishia kuanikiwa nguo. Naye binti akifika bila kuelekezwa atafanya kila kitu, na hapo ndipo mzee anapoanza kuharibika.

Kwetu kumheshimu mzee ni kumpokea kila alichoshika. Anataka kuchota maji, unamnyang'anya kikombe. Anahangaika na vifungo vya shati, unamfungia. Wiki chache za heshima ya namna hiyo zinatosha kumfanya ashindwe kweli, maana misuli ya mzee isipotumika hunyauka haraka na hairudi kirahisi. Kwa hiyo kila hatua hapa chini ina sharti moja: msaidie pale anaposhindwa tu, halafu umwache amalizie mwenyewe, hata akichelewa, hata ugali ukipoa.

Hatua ya 1: Mtazame kabla hujamshika

Mwaka 1963 daktari wa Marekani, Sidney Katz, pamoja na wenzake walichapisha orodha ya mambo 6 ya kupimia uwezo wa mgonjwa kujihudumia: kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kuhama kutoka kitandani hadi kwenye kiti, kuzuia haja, na kula. Orodha hiyo bado inatumika hospitalini. Chukua daftari, andika mambo hayo sita, kaa na mzee siku mbili tatu, na mbele ya kila jambo andika: anaweza mwenyewe, asimamiwe, ashikwe, au hawezi kabisa.

Usimuulize. Ukimuuliza atakujibu "naweza mwanangu", na mchana huohuo utamkuta amevaa shati la jana kwa sababu mkono haunyanyuki kufikia kola. Tazama ni wapi hasa anakwama. Bibi mmoja anaweza kujiogesha mwili mzima asifikie miguu tu. Huyo anahitaji mtu wa kumsugua miguu, hahitaji kuogeshwa. Katz aliona pia kwamba uwezo huu hupotea kwa mpangilio: kuoga hutangulia kushinda watu, kula ni cha mwisho. Ukiona mzee ameanza kukwepa maji, usiseme ni uchafu wa uzee. Huenda anaogopa kuteleza.

Kuna orodha ya pili, ya Lawton na Brody ya mwaka 1969, inayohusu simu, sokoni, kupika, usafi wa nyumba, kufua, usafiri, dawa na fedha. Mzee anaweza kuwa mzima wa mwili akawa ameanguka hapa. Anaoga, anavaa, anakusalimu "mwangaluka" vizuri kabisa, lakini hela zinatoka kwenye simu yake kwenda kwa watu asiowajua. Huyo hamhitaji mtu wa kumbeba, anamhitaji mtu wa kukaa naye kwenye simu na dawa.

Hatua ya 2: Amueni nani atamgusa

Suala hili familia hulikwepa mpaka siku ya aibu. Mkamwana hawezi kumvua baba mkwe nguo, na mama mkwe hataki kuonwa na mkwe wake wa kiume hata awe hajiwezi. Binti wa kumzaa naye anaona soni kwa baba. Kaeni kikao kifupi, mlitamke wazi, tena mzee akiwepo, mumuulize anataka nani. Mara nyingi atachagua mjukuu. Babu na mjukuu wana utani wao, na aibu hupungua mtu akiambiwa "babu, leo unanuka jasho, njoo tuoge." Kijana wa kiume kwa babu na wa kike kwa bibi ndiyo salama zaidi. Kama hakuna, mtafuteni mhudumu wa jinsia yake, hata kama ni wa saa moja asubuhi tu.

Hatua ya 3: Rekebisha nyumba, anza na njia ya chooni

Wazee wengi huanguka kati ya kitanda na choo, usiku. Kabla ya yote, pita njia hiyo wewe mwenyewe gizani. Ondoa ndoo, kamba ya nguo, mkeka unaojikunja, kizingiti kilichoinuka. Weka taa ndogo ya sola au tochi mahali mkono wake unapofika akiwa amelala, kwa sababu umeme ukikatika hatakumbuka iliko. Kandambili zilizolika ni hatari kuliko miguu mitupu; mnunulie viatu vyenye mkanda wa nyuma na soli ya mpira. Sakafu ya niru iliyosuguliwa ikalainika, weka mkeka wa mpira bafuni.

Choo cha kuchuchumaa kinawashinda wazee wenye magoti mabovu. Wengi hukata tundu kwenye kiti cha plastiki, lakini kiti hicho kikishakatwa katikati kinapoteza nguvu na siku moja kitapasuka na mtu juu yake. Mwambie fundi seremala wa mtaani akutengenezee cha mbao, chenye mikono ya kushikia na miguu minne mipana, ndoo inaingia chini. Kinatumika juu ya shimo mchana na kando ya kitanda usiku. Ukutani apigilie na kipande cha bomba la chuma cha kujivutia.

Kama nyumba iko mlimani, fundisha ngazi mapema. Mkongojo ushikwe na mkono wa upande mzima, si upande unaouma. Karibu kila mtu hukosea hapo. Kupanda, mguu mzima unatangulia. Kushuka, unatangulia mkongojo na mguu mbovu. Wewe unakaa upande wa chini siku zote: akipanda uko nyuma yake, akishuka uko mbele yake. Mvua ikinyesha yale mawe hayafai kabisa. Siku ya kliniki mkalishe kwenye kiti imara chenye mikono, vijana wanne wakibebe mpaka barabarani, bajaji iwe inasubiri. Bodaboda kwa mtu aliyepooza upande, hapana.

Hatua ya 4: Kumhamisha kutoka kitandani

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo migongo ya walezi inapovunjika na mabega ya wagonjwa yanapoteguka.

Weka kiti upande wake wenye nguvu, kigusane na kitanda. Mgeuze alalie ubavu, shusha miguu yake, kisha msaidie aketi ukingoni. Mwache hapo dakika moja au mbili. Mzee anayemeza dawa za presha akiinuka ghafla anapata kizunguzungu, na wengi huangukia hapo. Miguu yake iguse chini, irudi nyuma kidogo ya magoti. Chukua kitenge, ukikunje kiwe mkanda mpana, mfunge kiunoni. Utashika kitenge hicho. Usimvute mkono wala kwapa, hasa mkono uliopooza, na usimruhusu akukumbatie shingoni.

Simama mbele yake, kunja magoti yako, mgongo uwe wima, goti lako lizibe goti lake bovu lisikunjike. Mwambie ainamie mbele mpaka pua ipite juu ya vidole vya miguu. Halafu mhesabie kwa sauti: "Babu, tunainuka. Moja, mbili, tatu." Asukume yeye kwanza, wewe ongezea tu. Akishasimama, zungukeni kwa hatua ndogondogo mpaka aguse kiti kwa nyuma ya magoti yake, ashike mkono wa kiti, ndipo akae.

Akianza kuanguka usishindane naye. Mvute karibu, atelezee kwenye paja lako mpaka chini taratibu, mkinge kichwa. Akiwa chini usimkurupushe kumwinua. Kama nyonga inauma, au mguu mmoja umeonekana mfupi na umepinda kwa nje, asisogezwe mpaka upatikane msaada wa kumpeleka hospitali akiwa amelala.

Hatua ya 5: Kuoga na kuvaa

Kama maji yenu ni ya ziwa, iwe ni visiwani Ukerewe, Ukara na Kome au kwenye mwalo wowote wa wavuvi, kumbuka kichocho. Vijidudu vyake huingia kwa kupenya ngozi, si kwa kunywa tu. Yachote, yafunikwe kwenye pipa yakae siku mbili, au yachemshe yapoe. Kumwogesha mzee ufukweni kwa sababu "ndivyo alivyozoea" si jambo la busara.

Andaa kila kitu kabla hujamvua: beseni mbili, sabuni, kitambaa cha uso na kingine cha sehemu za siri, taulo, mafuta, nguo safi. Ukimwacha amelowa ukafuata taulo, umeshamwangusha. Maji yapime kwa kiwiko chako, kwa kuwa mgonjwa wa kisukari anaweza asihisi kwamba yanaunguza. Mketishe kwenye stuli. Mfunike kanga mabegani na nyingine mapajani, unafunua sehemu unayoosha, unafunika, unahamia nyingine. Anza na uso, maliza na sehemu za siri, na kwa mwanamke futa kutoka mbele kwenda nyuma ili kuepuka maambukizi ya njia ya mkojo. Kitambaa cha uso umpe mwenyewe mkononi. Kausha vizuri chini ya matiti, kwenye kinena na katikati ya vidole.

Si lazima kuoga mwili mzima kila siku. Ngozi ya mzee ni kavu, sabuni nyingi huipasua. Uso, mikono, makwapa na sehemu za siri kila siku. Mwili mzima mara mbili tatu kwa wiki inatosha, mafuta ya mgando yafuate.

Kuvaa kuna sheria fupi: mkono mbovu huingia wa kwanza na hutoka wa mwisho. Suruali vivyo hivyo. Nunua nguo zinazofunguka mbele, na kwenye kiuno weka lastiki.

Hatua ya 6: Chakula, maji na dawa

Mwanza hakuna sababu ya mzee kukosa protini. Mnofu wa sangara hauna miba midogo ya kusumbua. Sato ni mtamu lakini uchambue kwa vidole vyako mwenyewe kabla ya kumpa asiyeona vizuri. Dagaa walioanikwa chini huwa na mchanga, waoshe mara kadhaa, wakaange, watwange, unga wake utie kwenye uji. Michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa, ni migumu kwa mtu asiye na meno, basi iloweke na kuichemsha mpaka iive kabisa, uiunge na karanga zilizotwangwa.

Aliyepata kiharusi ni habari nyingine. Akikohoa wakati wa kunywa, au sauti ikawa kama ina maji baada ya kumeza, chakula kinaelekea njia ya hewa na kinaweza kumletea nimonia. Aketi wima kabisa, kidevu kishuke kidogo, kijiko kiwe kidogo, ameze ndipo umpe kingine, na abaki ameketi nusu saa baada ya kula. Maji matupu ndiyo humpalia zaidi. Uji mzito hupita salama zaidi. Na muone mtaalamu, usibaki kubahatisha nyumbani. Kumlisha mtu aliyelala chali kwa sababu amechoka ni hatari kubwa, acha alale, atakula akiamka.

Wazee hawasikii kiu kama vijana. Mpe kikombe bila kusubiri aombe, na tazama mkojo: ukiwa wa njano nzito, maji hayatoshi. Wapo wanaojinyima maji jioni wasisumbue watu usiku. Ukiweka kile kiti cha choo karibu na kitanda, hofu hiyo hupungua.

Dawa zote, pamoja na mitishamba, ziandikwe kwenye ukurasa mmoja wa daftari, ukurasa huo uende naye kliniki. Presha ikishuka haimaanishi imepona. Imeshuka kwa sababu ya vidonge. Mzee wa kisukari asiyekula asimezeshwe dawa za sukari kwa mazoea, uliza kwanza. Akitoka jasho, akitetemeka, akiongea ovyo ghafla na bado anaweza kumeza, mpe maji yenye sukari mara moja kisha mpeleke. Usisage kidonge ili kimezwe kirahisi kabla ya kumuuliza mfamasia, maana vingine vimetengenezwa kuyeyuka polepole.

Hatua ya 7: Asiyetoka kitandani

Mgeuze kila baada ya saa mbili: chali, ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto. Kila ukimgeuza kagua penye mifupa: juu ya makalio, nyonga, visigino, viwiko, mabega, kisogo. Bonyeza kwa kidole. Kwa ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo gusa pia: penye joto, pagumu au rangi iliyokolea kuliko pengine, kidonda kinaanza. Usisugue hapo na usilalishe juu yake. Mto chini ya miguu, visigino vining'inie hewani. Usimburute kwenye shuka, mnyanyueni watu wawili kwa shuka lenyewe.

Pampasi ikilowa ibadilishwe hapohapo. Mwenye mpira wa mkojo, mfuko uwe chini ya usawa wa kibofu siku zote lakini usiguse sakafu. Na usimwashie jiko la mkaa chumbani kumpasha joto milango ikiwa imefungwa. Hewa yake inaua bila kunuka.

Hatua ya 8: Anayesahau

Bibi anayeficha sufuria, anayemwita mwanawe kwa jina la mjomba aliyefariki, anayetembea usiku, ni mgonjwa. Nasema hivi kwa mkazo kwa sababu Kanda ya Ziwa ina historia chungu ya vikongwe kuuawa kwa kudhaniwa wachawi, na macho mekundu yakihesabiwa ushahidi, ilhali ni moshi wa miaka mingi ya kupikia kuni na kinyesi cha ng'ombe. Usimfiche ndani. Nenda kwa majirani, mjumbe na mwenyekiti wa mtaa, waeleze kwamba ana ugonjwa wa kusahau na anatibiwa. Siri ndiyo inayozaa maneno.

Usibishane naye. Akisema anakwenda kukamua ng'ombe waliouzwa zamani, muulize walikuwa wangapi na yupi alikuwa na maziwa mengi, hasira itaisha. Shona namba yako ya simu ndani ya nguo zake. Waonyeshe vijana wa kijiwe cha bodaboda picha yake, hao humpata mtu aliyepotea kabla ya kituo chochote, na kama mnakaa karibu na ziwa waombe waanze kutafuta huko.

Ila mzee aliyekuwa na akili timamu jana na leo anaweweseka, hiyo si sahau ya uzeeni. Inaweza kuwa malaria, maambukizi ya mkojo au sukari. Hospitali siku hiyohiyo. Vilevile mdomo ukienda upande, mkono ukilegea au maneno yakivurugika: ni kiharusi, usisubiri asubuhi, na usianze na kuchua.

Hatua ya 9: Mlezi naye ana mwili

Kwa Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 mzee ni aliyefikisha miaka 60, na asiyejiweza anastahili kutibiwa bila malipo. Anzia ofisi ya mtaa, kisha afisa ustawi wa jamii, uulize utambulisho na dirisha la wazee kwenye kituo chenu. Asiye na ndugu kabisa, Ustawi wa Jamii ndio wanaojua njia ya makazi ya wazee ya Bukumbi, Misungwi.

Ukiajiri, ajiri mtu mzima. Kumpa mtoto wa darasa la saba kazi ya kumnyanyua mtu wa kilo sabini ni kuwaumiza wote wawili. Mpeleke serikali ya mtaa akiwa na barua ya utambulisho, mwandikie mkataba, na kazi ya mzee ihesabiwe peke yake: ukimwongezea kufua nguo za nyumba nzima na kuuza genge, kitakachoachwa ni kugeuza mgonjwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa saa 24 mfululizo za mapumziko kila wiki na siku 28 za likizo kwa mwaka, hata kama analala hapo hapo ndani.

Lile daftari la siku ya kwanza liendelee: amekula nini, amekunywa vikombe vingapi, choo, dawa, ngozi ikoje. Kila jioni picha ya ukurasa irushwe kwenye kundi la ndugu, ili aliye Dar asianze kutoa amri bila kujua hali. Anayetuma hela atume, aliye karibu ndiye aamue mambo ya kila siku. Na kabla mwezi haujaanza, ukurasa wa nyuma uandikwe nani atashinda na mzee siku ya mapumziko ya binti, kwa jina na kwa tarehe. Mkisema "tutaona", atakayebaki ni binti yuleyule.